Mafuta ya Bawaba

Walikuja Oktoba, malori manne,
wakanilipa pesa za kutosha paa jipya,
na kitu cha kwanza walichofanya
ni kufuta mafuta kwenye bawaba za mlango.

Mama yangu, Stoyna, aliyapaka mafuta hayo
kila Jumamosi, kwa unyoya wa bata bukini,
ili mlango usimwamshe baba
aliyetoka zamu ya usiku kwenye mgodi wa zinki.
Miaka arobaini mlango ulifunga mdomo.
Kwa siku moja tu wakaufundisha kulia.

"Hauna budi kulia," akaniambia kijana wa sauti,
Ognyan, mpole, mwenye kipini sikioni.
"Mlango usiolia, mama, mtazamaji hauamini."

Basi nikaketi jikoni nikajifunza sheria zao
kama mtu anayejifunza dini ya wakwe.

Kwamba vijana huwa watano na gari huwa moja.
Kwamba simu hukosa mtandao,
na hilo halikuhitaji uongo: kwetu mtandao
hupatikana juu ya kaburi la kasisi,
ukisimama upande wa kushoto.
Kwamba mwenye mzaha hafiki chakula cha usiku.
Kwamba asemaye "narudi sasa hivi" harudi.
Kwamba wapenzi wakivua mashati, chonga jeneza.
Kwamba kwanza huruka paka, watu wacheke, washushe pumzi,
ndipo lije shoka.
Paka alikuwa wangu, Pisana. Alikataa kuruka. Walimrusha.
Kwamba muuaji hutembea na binti hukimbia,
na bado binti ndiye hujikwaa:
asiyesikia la mkuu, kwao, huvunjika guu
mara saba, mpaka mwanga utoshe.

Na ghala la chini ya nyumba.
Ukumbi mzima utapiga kelele, usishuke!
lakini lazima mtu ashuke, na taa iwake, izime, iwake.
Humo mna pipa langu la kabichi ya chumvi.
Walilisogeza, wakatundika minyororo.
Binti wao, Maeve, mtoto wa Kanada,
akauliza ni harufu gani hiyo.
Nikampa bakuli. Alikula wima,
damu ya sharubati ikimkaukia shingoni,
akaomba tena.

Kijiji chetu kilitakiwa kiwe Amerika.
Kwa hiyo wakabandua karatasi za milangoni na nguzoni.
Kwetu marehemu hubandikwa, picha na tarehe,
siku ya arobaini, mwaka, miaka mitatu, kumi,
mpaka mvua iwasahau.
Waliwabandua kwa adabu, wakawatia sandukuni.
Karatasi mia moja na kumi na tatu.
"Zinatisha mno," akasema mpambaji,
"na mtazamaji atauliza, ni nani hawa?"

Penka wa duka la mikate.
Mapacha wa Rangel, tofauti ya wiki mbili.
Mwalimu Yordan, aliyeandika vibaya jina langu miaka yote minne.
Tsvetan, mume wangu. Huyo nilimbandika mwenyewe
kwa uji wa unga, maana gundi ya duka haishiki baridi.

Usiku wa mwisho nikamuuliza Ognyan
habari za yule binti abakiye hai. Kwa nini yeye?
Akafikiri. "Wengine walikuwa wakicheka.
Yeye alisikia kitu."
Na baadaye huenda wapi?
"Baadaye? Filamu imekwisha, mama."

Walipoondoka theluji ilikuwa kifundoni.
Nilibeba sanduku mlango hadi mlango,
nikiwarudisha kwao, penye makufuli yenye kutu.
Mara mbili niligeuka ghafla, kama wanavyogeuka.
Nyayo zilikuwa zangu peke yangu.

Nyumbani, mlango ukalia.
Nikatafuta unyoya, nikauona, nikauchovya.
Kisha nikauweka juu ya sahani.
Acha ulie. Mtu akija, nitamsikia.

Nikashuka ghalani, bila taa,
kuchukua kabichi.